Wanangu, nendeni kliniki na maswali yenu

Wanangu wazazi, hasa ninyi mliojaliwa mtoto wa kwanza,

Salaam kwenu na kwa hao mliowapakata. Nimestaafu uuguzi, lakini hapa mtaani kwetu Tanga bado nagongewa mlango usiku, mtoto kachomwa sindano mchana na sasa anachemka. Siku hizi mnakuja na simu pia, mnanisikilizisha sauti zilizorushwa na watu msiowajua: chanjo inafunga kizazi, inaleta usonji (ile hali ya mtoto kupata shida kuzungumza na kuchangamana na wenzake), mtoto anajazwa sumu. Nawajibu wote kwa pamoja. Mzazi anayeuliza mwanawe anachomwa nini hana kosa hata kidogo, na asikubali kuambiwa ni mjinga.

Nianze na la kizazi, maana ndilo linalowatisha wengi, akina baba hasa. Mpango wa chanjo wa taifa letu ulianza mwaka 1975. Waliokuwa wachanga wakati ule leo wana wajukuu. Pandisheni mikono ya nguo zenu mtazame bega, wengi mna kovu la chanjo ya kifua kikuu, na bado ni ninyi mnaoniletea watoto niwaone. Mama zenu walichomwa sindano ya pepopunda wakiwa na mimba zenu, kisha wakawazaa wadogo zenu. Sensa ya 1967 ilitukuta watu milioni 12 na ushei. Ile ya 2022 ilitukuta zaidi ya milioni 61. Kama kuna dawa ya kufunga kizazi humo, imefanya kazi gani miaka yote hiyo?

Sasa maneno hayo yamehamia kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14 wanaochanjwa kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Hili linaniuma, kwa sababu wagonjwa wa saratani hiyo nimewauguza. Wanawake wenye watoto wadogo, wanatokwa damu na maji yenye harufu hadi wanaona aibu kukaa na wenzao, wanafika hospitali wamechelewa. Inaongoza kwa saratani za wanawake Tanzania, na karibu yote inaletwa na kirusi kinachozuiwa na chanjo hiyo. Matibabu yake mara nyingi ni kuondoa kizazi au kukipiga mionzi. Baba unayetaka binti yako aje azae, mpeleke akachanjwe.

Kuhusu usonji, habari ilitoka Uingereza mwaka 1998, kwa daktari Andrew Wakefield, aliyeandika kuhusu watoto 12 tu akiuhusisha usonji na chanjo yenye surua. Ilikuja kubainika alipotosha taarifa za watoto hao. Mwaka 2010 jarida la Lancet lililoichapisha likaifuta, naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Wataalamu wa Denmark walifuatilia watoto zaidi ya laki sita, na matokeo yao ya 2019 hayakuonyesha kwamba waliochanjwa surua walipata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa. Ninawaelewa wazazi wanaoona vitu viwili vikiongozana: dalili za usonji huanza kuonekana umri uleule ambao mtoto hupata chanjo hiyo, pale mnapomsubiri aanze kuzungumza. Kuongozana si kusababishana.

Homa ya baada ya sindano ni kweli, na muuguzi anayewaficha anawakosea. Mtoto anaweza kuchemka siku moja au mbili, paja likavimba kidogo, akalialia. Mnyonyeshe, mpunguzie nguo, mpe parasetamo kwa kipimo ulichoelekezwa kituoni. Paja msilikande kwa maji ya moto wala kulipaka kitu. Kile kipele cha begani kinachotoka wiki chache baada ya sindano ya kuzaliwa kitatunga usaha na kukauka chenyewe, msikikamue. Ila mtoto akipata degedege, akipumua kwa shida, akivimba uso, akikataa kunyonya, au homa ikizidi siku mbili, rudini kituoni upesi, hata kama ni usiku. Mzio mkali ni nadra mno, na kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache. Ndiyo maana tunawaomba msubiri pale kama nusu saa kabla ya kuondoka.

Mnaniuliza pia, mbona surua mara mbili? Dozi ya miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 katika kila 100. Wale waliobaki huwezi kuwajua kwa kuwatazama, hivyo wote hurudia wakiwa na miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo mnayoiacha sana, kwa kuwa mtoto anakimbia, ana afya, na kliniki mmeshaichoka. Surua haijali. Huwapofusha watoto, na vidonda vya mdomoni humfanya mtoto alie kwa njaa huku titi liko mbele yake.

Na msiseme magonjwa haya hayapo tena. Ndui ndiyo imekwisha, na mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Marka, Somalia, mwaka 1977, kijana mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin. Alikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Akapanda gari lililobeba wagonjwa wawili ili amwonyeshe dereva njia, akaambukizwa. Alipona, na ukubwani akawa anazunguka kwao kuwasihi wazazi wakubali matone ya polio, huku akiwasimulia yaliyompata, hadi alipofariki mwaka 2013. Polio yenyewe ilitangazwa kuzuka Malawi, jirani zetu hapa, mwaka 2022, na kirusi chake asili yake Pakistani. Ndiyo sababu mliona wahudumu wakipita nyumba kwa nyumba hata kwa watoto waliokwisha kupata matone.

Najua wengine hamkatai chanjo. Mmechelewa tarehe au kadi imepotea, mnaogopa kufokewa. Nendeni hivyohivyo, rejesta ipo. Dozi alizopata hazianzwi upya, anaendelezwa alipoishia, na katika vituo vya serikali ni bure. Ukifokewa, muulizie mganga mfawidhi, umweleze, na usiondoke mpaka mtoto amehudumiwa. Akina baba, siku ya kliniki msiwaache wake zenu waende peke yao.

Bibi yenu,
Muuguzi mstaafu, Tanga