Shukrani kwa dereva wa lori wa Kitonga

Namshukuru hadharani dereva wa lori aliyetukuta tumekwama chini ya mlima Kitonga, pedeli ya klachi imezama na gia zinagoma kuingia. Kwanza alizima injini, na gia zilipoingia bila taabu akasema giaboksi ni nzima, ila klachi haiachii, yaani haitenganishi injini na giaboksi. Kikopo cha mafuta ya breki, ambayo ndiyo yanayosukuma klachi, alikikuta kikavu. Akalala uvunguni, akatuonyesha slevu silinda, yaani silinda ndogo ya chini inayosukuma klachi, inavuja kwenye raba. Alimimina mafuta yake mwenyewe, akaniagiza nikanyage pedeli na kuishikilia huku akilegeza nati ya kutolea hewa, mpaka mapovu yakakoma. Fedha alikataa, akasisitiza tu raba ibadilishwe Iringa, ilhali baadhi ya mafundi wangetushushia giaboksi nzima. Kaka, raba mpya imefungwa na Mbeya tulifika salama, Mungu akuzidishie.