Ile mashini ya mama

Mama Furaha, jambo sana, habari ya masiku? Nimenyamaza tangu Pasaka, usinipige, telefone ilianguka kwa maji. Lubumbashi baridi imeanza? Haya, neno lenyewe.

Siku ya mahari ya mdogo wetu nilisimama kuhadithia vile mama alirudi kuchukua mashini ya kushona, moto wa volkano Nyiragongo inashuka, sisi tunalia kwa barabara, akaibeba kwa kichwa mpaka Gisenyi, kule Rwanda. Watu wanacheka vizuri, mara Yaya, mkubwa wetu, anakata: "Hiyo ni 2021, si 2002." Tukabishana mbele ya wakwe, aibu gani ile! Tukamuuliza mama mwenyewe, eti "mi nimekimbia mara mbili, munataka nihesabu na mizigo?"

Tangu pale silali vizuri. Ju mama namuona kabisa, kitenge cha manjano, gurudumu ya mashini inazunguka yenyewe kila akipiga hatua. Manjano ile ni ya mchana, na 2002 tulitoka mchana. Ila pale pale kuna mtu anamumulikia na tochi ya telefone! 2002 nani kwetu alikuwa na telefone ya tochi? Ya 2021 ndiyo ilianza giza ikiingia, tarehe 22 ya mwezi wa tano, mbingu nyekundu.

Ule mtoto wetu wa udaktari anasema ndani ya ubongo, kwa hipokampusi, pale pa kumbukumbu, kuna kipande kinaitwa jirusi dentata (nikafikiri ni ugonjwa wa meno), kazi yake kutenganisha mambo yanayofanana. Jirani yake, CA3, akipata harufu tu ao sauti, anamalizia picha nzima, na akichanganya wala hujui. Sasa volkano moja, barabara moja, mama moja, kile kipande kitashika wapi?

Ila kuna hii: wakati wa kurudi mama alitua mashini juu ya majani, ju mawe ya lava yalikuwa yangali moto. Na 2021 lava iliishia Buhene, pembeni ya Goma, kwetu haikufika. Basi ni 2002! Ao ile ya majani nilisikia tu kwa mtu...

We ulikuwa na sisi 2002, ya 2021 ulikuwa umeshahama. Unakumbuka mashini? Mama alikuwa na nini kwa kichwa? Kitenge gani? Tulilala wapi kule Gisenyi, si kwa kanisa? Na usiniambie ndiyo ju ya urafiki.

Aa, Mama Furaha, manjano nimeshakuambia. Ningekuuliza kwanza.