Wanawake wa Millet hawapumziki

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini makala ya Jumapili kuhusu picha za kuchapa za mchoraji Mfaransa Jean-François Millet imenikera. Mwandishi wenu amesifu "utulivu wa kijiji cha Kifaransa". Utulivu gani?

Aitazame tena ile ya waokota masazo, ambayo Millet aliichora kwenye bamba la shaba kabla ya ile maarufu ya rangi ya mwaka 1857. Wanawake wawili wameinama mpaka vidole vinagusa mabua, wa tatu amenyanyuka nusu tu, kiuno kimekataa. Mavuno yenyewe yako kule nyuma, marundo kwa marundo, mali ya mwenye shamba. Wao wanaokota masuke yaliyodondoka, kama Ruthu wa kwenye Biblia shambani kwa Boazi. Millet hakuhadithiwa kazi hiyo. Alizaliwa mwaka 1814 Gruchy, Normandy, kwa wakulima, akalima na baba yake kabla ya kwenda kusomea uchoraji. Hata mama wa picha ya mwaka 1861, anayempulizia mtoto uji kwenye kijiko, yuko kazini!

Niliwahi kusimama mbele ya waokota masazo hao katika makumbusho moja ya Paris. Mwongozaji akawaambia wageni kwamba hao ni wakulima wakifurahia mavuno. Nikamwuliza, mbona kila mmoja ana kishada kidogo tu mkononi? Akatazama saa, akalisogeza kundi kwenye chumba kingine. Niliumia, maana mama yangu naye aliokota mpunga uliosalia kwenye majaruba ya watu, na sijawahi kumsikia akiuita utulivu.

Na ninyi hamko mbali na mwongozaji yule. Kila msimu mnatoa picha ya akina mama wakipalilia, na chini yake mnaandika "wanakijiji wakiwa shambani". Mgeni rasmi aliyepita hapo kwa dakika chache mnamwandika jina, cheo na wizara. Mpiga picha anashindwa nini kuuliza, "Mama, unaitwa nani?"

Naomba mchapishe upya ile picha ya kuchapa ya waokota masazo. Ina takribani sentimita 19 kwa 25, kwa hiyo inaenea kwenye ukurasa wenu bila kupunguzwa. Msiweke tangazo pembeni, wala msiikoleze wino mpaka mistari ya migongo ipotee kama Jumapili. Chini yake andikeni kazi wanayoifanya.

Msomaji wenu,
Morogoro