Barua kwa Idrisa kuhusu Michezo ya Kupumzisha Akili

Tanga,
8 Juni 2025

Swahiba yangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Tunduma haijawazidi msimu huu. Sisi huku tu wazima wa afya. Mama anakusalimu sana na bado analalamika kwamba umepotea. Nimemweleza kwamba safari hii umeandika, tena kurasa mbili, ingawa zote ni za kuulizia gemu.

Nimeisoma barua yako kwa makini. Unasema kwamba ile Miyoo Mini Plus, mashine ndogo ya michezo ya mkononi, aliyokutumia kaka yako kutoka Muscat imekuja na kadi iliyosheheni maelfu ya michezo ya zamani, na kwamba kila unapoiwasha unapitisha orodha juu chini mpaka hamu yenyewe inakwisha, kisha unaizima bila kucheza hata mmoja. Sikushangaa. Orodha ndefu kiasi hicho ni kazi nyingine juu ya kazi uliyoikimbia. Fungua sehemu ya vipendwa, weka humo michezo isiyozidi kumi, na hiyo mingine uichukulie kama haipo. Nitakutajia nitakayoanza nayo mimi kama ningekuwa wewe, pamoja na sababu zangu, nawe utapunguza au kuongeza.

Kazi ya uwakala wa forodha, kwa ninavyoiona, nusu yake ni kungoja. Malori yako kwenye foleni, nyaraka ziko juu ya meza ya mtu mwingine, mtandao umekwama, halafu ghafla unaitwa dirishani na huna hata nusu dakika ya kujiandaa. Watu wengi wanapotafuta mchezo wa kutuliza akili hutazama sura yake: rangi za upole, muziki wa taratibu, vikatuni vya kuchekesha. Mimi hutazama kwanza namna unavyoachwa. Mchezo unaopumzisha ni ule unaoweza kuuweka chini katikati bila kupoteza kitu, na ukaurudia kesho bila kujiuliza ulikuwa unaelekea wapi. Kumbuka yule nyoka wa simu za Nokia, aliyetungwa na Taneli Armanto kwa ajili ya Nokia 6110 ya mwaka 1997, ambaye sisi tulikuja kumjua baadaye kwenye simu za tochi. Hakuwa na hadithi wala hatua za kukariri. Alikula, akarefuka, akajigonga, ukaanza upya, na mzunguko mzima ulitosha kwa muda wa kungoja basi.

Kwa kipimo hicho, mchezo wa kwanza ni Tetris ya Game Boy, ile mashine ya mkononi ya Nintendo, ya mwaka 1989. Aliyeutunga, Alexey Pajitnov, aliuandika mjini Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta isiyoweza kuonyesha picha, kwa hiyo vipande vya kwanza vilichorwa kwa alama za maandishi tu. Hilo linaeleza kwa nini hata leo hauhitaji mapambo yoyote. Lakini nisikilize hapa, maana wengi hupotea: usicheze aina A. Aina A haina mwisho, kasi huongezeka kila unapofuta mistari kumi, na ushindi pekee ni kuchelewa kushindwa. Mtu anayeicheza kwa nusu saa huinuka mabega yamekakamaa. Chagua aina B. Hapo unatakiwa kufuta mistari 25 tu, kasi inabaki ile ile uliyoichagua mwanzoni, na ukiona ni rahisi mno unaweza kuomba uwanja uanze na vipande vilivyokwisha kurundikwa. Mistari 25 ni dakika chache. Unamaliza kweli, hukatizwi, na kwa akili iliyochoka tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa sana. Ukifaulu kwa kasi ya 9 wanakutokea wanamuziki na wachezaji wa Kirusi kukupongeza. Muziki wake maarufu, kwa taarifa yako, ni wimbo wa kienyeji wa Kirusi unaohusu mchuuzi mtembezi. Nilifikiri jambo hilo lingemfurahisha mtu anayeshinda mpakani na wafanyabiashara.

Wa pili, na huu nauweka juu ya Tetris kwa mtu wa hali yako, ni Dr. Mario wa mwaka 1990. Una chupa yenye virusi vyekundu, vya manjano na vya bluu. Juu vinadondoka vidonge vyenye nusu mbili za rangi, na ukipanga rangi moja mara nne mfululizo, wima au mlalo, hufutika. Hatua ya 0 ina virusi vinne, kila hatua inaongeza vinne vingine, hadi hatua ya 20 yenye 84. Unaona uzuri wake: kazi yote iko mbele ya macho yako tangu mwanzo, nayo inapungua tu, haiongezeki. Weka kasi ya chini, anzia hatua ya 3 au ya 4, na ujifunze jambo moja tu, kwamba nusu ya kidonge isiyohitajika isitupwe ovyo juu ya virusi vya rangi nyingine. Ipeleke pembeni, upande mmoja, uiache hapo mpaka ipate wenzake. Toleo lake la Game Boy lipo, ila halina rangi, na kutofautisha virusi kwa weusi na weupe kunachosha macho bila sababu. Chukua lile la NES, mashine ya Nintendo ya kuunganisha na televisheni.

Sasa nifike kwenye mchezo ninaoupenda kuliko yote, ambao najua hukuufungua kwa sababu jina lake halikukuambia kitu: Picross. Unapewa gridi ya vyumba vitupu, na pembeni mwa kila mstari kuna namba zinazoeleza vyumba vingapi vijazwe mfululizo. Tuseme mstari una vyumba kumi na namba iliyoandikwa ni 8. Hujui kama hivyo vinane vinaanzia chumba cha kwanza, cha pili au cha tatu. Lakini vyovyote itakavyokuwa, chumba cha tatu hadi cha nane lazima vijazwe. Basi unavijaza hivyo sita bila kubahatisha, na kujaza huko kunafungua siri ya safu zinazokatiza hapo, nazo zinafungua nyingine, mpaka picha inajitokeza: birika, ndege, kofia. Hakuna kukisia hata kidogo, hakuna adui, na mkono wako hauhitaji wepesi wowote. Ukiitwa dirishani katikati ya mstari, unaondoka. Ukirudi, namba zipo pale pale na zinasema yale yale.

Mario's Picross ya Game Boy, ya mwaka 1995, ina dosari moja: inakuhesabia dakika 30 kwa kila picha, na ukikosea inakukata dakika, tena adhabu inakua kila unaporudia kosa. Kwa mchezo wa kufikiri taratibu huo ni ukatili usio na maana. Ndiyo maana nakushauri utafute ya mwaka huo huo iliyotoka Japani kwa Super Famicom, mashine nyingine ya Nintendo: Mario's Super Picross. Sehemu yake iitwayo Wario haikuwekei ukomo wa muda wala haikuambii umekosea. Unajirekebisha mwenyewe pale namba zinapogoma kukubaliana. Maandishi ni ya Kijapani, jambo ambalo litakusumbua kwenye menyu kwa siku ya kwanza tu, kwa kuwa namba ni zile zile unazozijua.

Kirby's Dream Land ya mwaka 1992 iweke kwa ajili ya watoto. Masahiro Sakurai aliibuni kwa kuwafikiria wanaoanza, Kirby anaweza kuruka juu ya karibu kila kizuizi, na yote ina hatua tano, kiasi kwamba mtu mzima huimaliza kabla chai ya jioni haijapoa. Puzzle Bobble nayo ni ya kuburudisha, ila ukisita kufyatua inafyatua yenyewe, kwa hiyo usiichezee kazini.

Utaniuliza habari za michezo mirefu. Mmoja ninaukubali: Harvest Moon: Friends of Mineral Town, wa Game Boy Advance, uliotoka mwaka 2003. Unarithi shamba, unapanda, unamwagilia, unafuga kuku na ng'ombe, unasalimiana na wanakijiji, na misimu minne inapita, kila mmoja wenye siku 30. Ni mrefu kweli, lakini umekatwa vipande vidogo, kwa kuwa siku moja ya shambani huchukua dakika chache na ukienda kulala unaandika katika kitabu cha kumbukumbu, basi umehifadhi. Zaidi ya hayo, unapoingia ndani ya nyumba saa ya mchezo husimama. Siku moja ya shamba kwa kila foleni ya nyaraka inatosha, na nakuhakikishia utajikuta unawaza zamani zako za kulima nyanya na marehemu baba.

Ile michezo mingine mirefu, ya mashujaa na mapango na mazungumzo ya kurasa nzima, iache kwa likizo. Si mibaya. Lakini ukiiacha wiki moja unarudi hujui upo mji gani wala ulitumwa nini, na kuanza kukumbuka ni kazi. Na usije ukadanganywa na mtu akakuambia ujaribu Ghosts 'n Goblins kwa sababu ni ya zamani na ya kuchekesha. Hiyo ya mwaka 1985 ukiimaliza inakuambia uimalize tena kutoka mwanzo, ndipo ikukubali. Mimi sina ugomvi na wanaoipenda, ila kupumzika haimo.

Kuna mambo mawili ya kiufundi ambayo yatakufaa. La kwanza ni kuhifadhi. Kama kimashine chako kimewekewa Onion, ambao ni mfumo uliotengenezwa na wapenzi wa vifaa hivi, ukikizima mchezo hujihifadhi wenyewe na ukikiwasha unarudi palepale ulipoachia. Na kitufe cha menyu hukuonyesha michezo uliyocheza karibuni, hivyo huna haja ya kurudi kwenye ile orodha inayokuchosha. Hiyo ndiyo faida moja ambayo Game Boy ya asili, pamoja na betri zake nne, haikuwa nayo. Ila kuwa mwangalifu na mchezo kama ule wa shamba, wenye njia yake wenyewe ya kuhifadhi. Ukifungua hifadhi ya papo hapo uliyoiweka wiki iliyopita, inarudisha pia kile kitabu cha kumbukumbu jinsi kilivyokuwa wiki iliyopita, na siku ulizolima tangu hapo zinaweza kufutika. Chagua njia moja kwa kila mchezo na udumu nayo.

La pili ni kioo. Umelalamika kwamba picha za Game Boy zinaonekana zimevutwa na herufi zina ukungu. Kioo chako kina nukta 640 kwa 480, na Game Boy ilikuwa na 160 kwa 144. Ukiiambia programu ikuze mara tatu kamili utapata 480 kwa 432, fremu nyeusi ikabaki pembeni, na kila nukta ya zamani ikawa mraba safi wa nukta tisa. Ukiilazimisha ijaze kioo chote, baadhi ya nukta zinanenepa kuliko nyingine, na ndipo macho yanapochoka bila wewe kujua kwa nini. Kwenye mipangilio tafuta sehemu ya ukuzaji wa namba kamili, uiwashe. Ile ya Game Boy Advance, yenye 240 kwa 160, itakaa ndogo kidogo ukiikuza mara mbili tu. Hapo mimi huachia ijaze upana wote, kwa sababu kwenye mchezo wa shamba ukubwa una maana kuliko usafi wa nukta.

Umeniuliza pia, kwa haya kidogo, kama ile kadi ni halali. Programu inayoiga mashine ya zamani haina tatizo. Michezo yenyewe ndiyo yenye wenyewe, na kujaziwa maelfu kwenye kadi hakuibadilishi kuwa yako. Wewe ni mtu wa forodha, mambo ya mzigo usio na karatasi unayajua kuliko mimi. Ipo michezo mipya inayotungwa leo kwa mashine hizi na kutolewa bure na walioitunga. Apotris, ya Game Boy Advance, ni ya kupanga vipande vinavyodondoka, na ni laini ajabu mkononi. µCity, ya Game Boy Color, inakupa kujenga mji kwa kasi unayoitaka wewe. Ukianza na hizo mbili dhamiri haitakusumbua.

Jambo la mwisho ni chaji. Usitumie ile chaja ya kasi ya simu yako mpya. Tumia ya kawaida ya volti 5, kama zile za simu za zamani, na waya wenye kichwa kipana upande wa chaja. Kama huna, nitampa Mzee Hamza anayekuja huko na lori la saruji mwezi ujao, pamoja na kadi tupu nitakayokuwekea hizo mbili za bure.

Niandikie umefika wapi. Ukikwama kwenye Dr. Mario, niambie ni hatua ya ngapi na kasi gani, nikueleze namna ya kuvunja zile nguzo za katikati, maana hatua ya 10 ina virusi 44 na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Nisalimie shemeji, na umwambie Zuhura kwamba Kirby ni wake, si wa baba yake.

Wasalaam,
rafiki yako,
Salim