Kuku wa Paris na Mazuku ya Goma

Mheshimiwa Mhariri,

Mwezi uliopita msomaji mmoja aliwaomba muache kuchapisha hadithi za kutisha katika ukurasa wenu wa Jumamosi. Alisema watu wa Goma wamekwisha kuona damu ya kutosha, na anayefungua gazeti anataka kupumzika. Nilimsoma mara mbili. Ana haki nusu. Nusu iliyobaki ndiyo imenishikisha kalamu.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa mstaafu. Sebuleni kwangu Himbi pana kabati moja la vitabu ninavyoazimisha majirani, na vijana nao huniletea hadithi zao nizisome, zimechapwa kwenye vibanda vya fotokopi na kubanwa kwa pini. Siku hizi karibu zote ni za giza. Giza lenyewe silikatai. Ninachokataa ni kwamba ukurasa wa kwanza kuna maiti kando ya barabara, wa pili maiti wawili, wa nne kijiji kizima, na mimi msomaji nimekwisha kupoa kama chai iliyosahauliwa. Kijana mmoja nilimwuliza: huyu mama aliyeuawa ukurasa wa tatu, asubuhi ile alikuwa amebandika nini jikoni? Akanishangaa. "Mwalimu, si amekufa?" Amekufa, ndiyo, lakini hujampa nafasi ya kuishi hata dakika moja.

Sisi wa hapa ndio tungepaswa kujua zaidi kuliko wengine jinsi hofu inavyoingia. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 volkeno yetu, Nyiragongo, ilipasuka, mbingu ikawa nyekundu, tukakimbia moto tuliouona kwa macho. Wengi walishika njia ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, magodoro kichwani. Kesho yake watu walikuwa wakipiga picha juu ya mawe yenye moshi, wengine hata wakitania. Lakini tarehe 27 serikali ilitangaza kwamba magma iko chini ya mji na chini ya ziwa, na kwamba kartye kumi, yaani mitaa kumi, zihame. Hapo hapakuwa na kitu cha kuona. Jua lilikuwa linawaka, nyumba yangu imesimama, kuku wa jirani wanachakura. Nilifunga mlango mikono ikitetemeka, kitu ambacho hakikunipata ile Jumamosi ya moto.

Na mazuku je, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini? Kila mtoto wa upande wa Bulengo anayajua. Mahali ni bonde dogo tu, majani ya kijani, hakuna moshi, hakuna harufu. Hewa ile ni nzito, inatuama chini kama maji. Mtu mzima anaweza kupita wima asidhurike. Mbuzi aliyeinamisha kichwa kula, au mtoto aliyechuchumaa, hainuki tena. Ukimkuta mbuzi utadhani amelala kivulini. Hadithi ya kutisha iliyoandikwa vizuri hunifanyia hivyo: inanikuta nimeinama.

Safari ile ya Mei nilikimbilia Sake, na katika begi, kati ya vitambulisho na sukari, nilikuwa nimetia riwaya ya Leïla Slimani, Chanson douce, iliyopata tuzo ya Goncourt mwaka 2016. Niliisoma usiku kwa tochi ya simu, katika chumba cha watu kumi na wanne. Yaya wa Paris anawaua watoto wawili aliokabidhiwa, na unaambiwa hilo ukurasa wa kwanza kabisa. Maiti wamekwisha kuhesabiwa, basi mwandishi atakutisha na nini? Na kuku. Mama mwenye nyumba ametupa kuku takatakani. Jioni moja anarudi kutoka kazini, anakuta mezani mifupa ya kuku yuleyule, imechokonolewa nyama yote, imeoshwa, inang'aa. Hakuna neno lililoandikwa, hakuna aliyepiga kelele. Mifupa tu.

Niliporudi Goma nilimwazima kitabu hicho jirani yangu, mama wa watoto watano anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alipofika hapo kwenye kuku alikuja kunigongea mlango, amekasirika kweli. "Mwalimu, huyu yaya ana haki! Nani anatupa kuku?" Akamsema yule mama wa Paris kama anamfahamu: wanaotupa chakula, wasiojua bei ya kitu, wanaoacha watoto wao kwa wengine kutwa nzima. Nilimwitikia, maana hata mimi Sake niliwaza vilevile. Halafu akanyamaza. Alikuwa amekumbuka ukurasa wa kwanza, kwamba anayemtetea ni nani. Alikaa kwenye ngazi yangu muda mrefu, ndoo yake ya sambaza iko chini, nzi wanakusanyika.

Hata damu ina namna ya kuandikwa. Katika Frère d'âme (2018), David Diop ana askari Msenegali katika mahandaki ya Ufaransa, vita vya 1914, anayerudi kila mara na mkono aliomkata adui. Mikono mitatu ya kwanza, wenzake wanamshangilia. Kuanzia wa nne wanamwogopa. Mkongo hawezi kupita hapo haraka, sisi ambao askari wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, walikata mikono ya babu zetu ili kuwathibitishia wakubwa kwamba risasi hazikupotea bure. Ila kilichonichoma mimi ni kwamba ile mitatu ya kwanza nilikuwa nimeisoma bila kusita.

(Mtaniuliza mbona vyote ni vya Kifaransa. Kwa Kiswahili nilikuwa na Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, kitabu chembamba na kigumu. Nilikiazimisha. Aliye nacho anajijua.)

Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wetu, siielezi hapa, mlikuwepo. Nitasema tu kwamba mabomba yalikauka na watu wakawa wanateka ziwani. Mmoja wa vijana wangu, wa miaka kumi na tisa, ameandika juu ya siku hizo hadithi isiyo na risasi hata moja. Bidoni ya njano ya lita ishirini imesimama asubuhi katikati ya njia ya kutoka ziwani. Imejaa, kifuniko kimekazwa vizuri. Mwenyewe hayupo. Watu wanaipita, wote wana kiu, siku ya kwanza, siku ya pili, na hakuna anayeigusa.

Naituma pamoja na barua hii, kurasa nne, bila jina lake kama alivyoomba. Nawaomba muichapishe, na yule msomaji wenu aisome pia. Mkikosa nafasi, punguzeni mnapotaka, ila pale pa kifuniko mpaache.

Mwalimu mstaafu,
Himbi, Goma