Wenye magari, lipieni na kipimo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye magari wa huku kwetu, hasa sasa ambapo minada ya korosho imeanza na gari zilizolala chini ya miembe Nanyamba na Tandahimba zinaamshwa.

Lalamiko linalofika gerejini kwangu, Mikindani, ni lile lile: "Fundi, gari haina sailensi," yaani injini haitulii gari ikiwa imesimama. Barabarani inakwenda vizuri, ikisimama inatetemeka mpaka usukani unacheza, ukiwasha AC inataka kuzima. Mwenyewe keshabadilisha plagi na pampu ya mafuta, na wapo walioshauriwa waagize injini nzima Dar. Uliza nani aliipima kabla ya kununua vyote hivyo. Hakuna.

Chukua Corolla ya miaka ya tisini, yenye distributa (kigawa umeme wa plagi) na waya nne za plagi. Injini ikiwa inanguruma, fundi anachomoa waya mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira (si kwa mkono mtupu, utarushwa). Akichomoa injini ikazidi kuyumba, silinda hiyo ilikuwa kazini. Akichomoa pasibadilike kitu, mvivu ni huyo. Azime gari, plagi ya hapo aihamishie silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, nunua plagi. Usipohama, ahamishe waya. Bado? Sasa ndipo apime kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Na anapofungua achungulie shimo la plagi: mara nyingi limejaa oili iliyovuja kutoka juu, na dawa yake ni sili (mpira wa kuzuia oili), si koili ya umeme wa plagi.

Gari zilizolala zina adui mwingine, panya. Hutafuna mipira ya vakyumu, ile mirija midogo ya mvuto wa hewa wa injini. Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo tundu dogo tu linavuruga mchanganyiko wa hewa na petroli. Ukikanyaga mafuta hewa inaingia nyingi, tundu lile halina athari tena. Ndiyo maana gari hiyo hiyo inapanda mlima wa Newala bila kulalamika, halafu inazimika sokoni.

Kuna na wanaoshuka garini wakiuliza, "Una mashine?" yaani kompyuta ya kusoma ubovu wa gari. Ninayo. Lakini sheria ya Marekani ya soketi moja ya kupimia ilihusu gari za huko kuanzia mwaka 1996, na Toyota nyingi za zamani zilizotoka Japani mashine yangu haisemezani nazo. Hizo zina kiboksi chini ya boneti: unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, unahesabu taa ya injini inavyokonyeza upate namba ya ubovu. Hata hivyo, mpira uliotafunwa taa inaweza isiutaje kabisa. Wala haitakwambia kuwa mauntini (kishikizo cha mpira kati ya injini na bodi) imekufa, injini inazunguka sawa ila bodi ndiyo inatikisika.

Sasa neno lililonifanya niandike. Mafundi tunalaumiwa kwamba tunauza spea kwa kubahatisha, na wapo wafanyao hivyo, siwatetei. Ila mteja naye halipii kupimwa. Hospitali analipia kipimo cha malaria hata majibu yakitoka hana, akija kwangu anataka aone kitu kipya kimefungwa ndipo atoe hela. Juzi nimetumia asubuhi nzima kwenye gari moja, nikakuta mpira umepasuka kwa chini. Kipande kipya bei yake haifiki ya soda. Mwenye gari akaniuliza, "Yaani elfu kumi na tano kwa kampira haka?" Kijana anayejifunza kwangu alisikia, na najua atakachofanya akifungua gereji yake.

Mimi bei ya kupima naitaja kabla ya kufungua boneti. Mwenye gari aombe kuonyeshwa silinda ipi haifanyi kazi na imejulikanaje, na spea ya zamani apewe mkononi. Fundi akishindwa kuonyesha, asilipwe hata mia.

Fundi wa magari,
Mikindani, Mtwara