Mwanangu, kanopi huvujia kwenye maungio

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza uchukue kanopi, yaani paa la kufunika sanduku la nyuma, ya fibaglasi au ya aluminiamu kwa ajili ya hiyo pikapu yako ya Hilux, maana unataka kulala humo mkienda upande wa Kundelungu. Nitakujibu, ila jua kwanza kwamba maji hayapenyi fibaglasi wala aluminiamu. Yanapita kwenye maungio. Sanduku la pikapu limetengenezwa ili limwage maji: lina matundu kwenye pembe, lina mwanya chini ya mlango wa nyuma wa kushusha na mwanya mwingine kila upande wa mlango huo. Ukiliezekea paa, mianya hiyo inabaki palepale. Kwa hiyo usimalize pesa zote kwenye kanopi ukakosa za mpira wa kuziba mianya hiyo.

Kabla hujaenda kuona kanopi yoyote, pima gari. Sanduku la Hilux lilibadilika umbo modeli mpya ilipotoka mwaka 2015, kwa hiyo kanopi ya ile ya zamani haikai sawasawa kwenye hii mpya, hata muuzaji aape vipi. Urefu nao ni jambo: sanduku la kabini mbili lina kama mita 1.5 kwa ndani, la kabini moja linakaribia mita 2.3. Gari lako ni la kabini mbili na wewe si mfupi, basi utalala mshazari juu ya kitanda cha mbao kilichopanda juu ya matairi, au utalala mlango wa kushusha ukiwa wazi. Ukiuacha wazi, mpira wote wa nyuma haukusaidii kitu, na itabidi ushone turubai la kufunika mwanya huo. Amua hilo sasa, usije ukaligundua usiku.

Kanopi za mtumba zinazopita mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini nyingi ni za fibaglasi. Haishiki kutu, na usiku haipoi haraka kama aluminiamu tupu. Ubaya wake ni kupasuka. Chunguza karibu na bawaba za mlango wa kioo na kwenye pembe za madirisha. Ukiona nyufa ndogo zinazosambaa kama miguu ya buibui, hapo ilishalemewa. Kisha iweke juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka. Pembe zote nne ziguse chini. Pembe moja ikining'inia zaidi ya milimita 5, iache hapohapo. Imepinda, na hakuna mpira utakaoziba mwanya wa aina hiyo kwa muda mrefu.

Aluminiamu ni nyepesi, na fundi yeyote mzuri anaweza kunyoosha palipobonyea. Lakini imeshikwa kwa riveti, na barabara mbaya hulegeza riveti, na kila riveti iliyolegea ni tundu. Ya tole (bati la chuma) inayochomelewa hapa mjini ni imara na rahisi kwa bei, ila ni nzito, na kutu yake huanzia ndani, kwenye mishono ya kuchomelea ambako brashi ya rangi haikufika. Mimi ningechukua fibaglasi yenye madirisha ya pembeni yanayofunguka. Na ukitaka kuweka hema au madebe ya maji juu yake, soma kibao cha mtengenezaji: uzito unaoruhusiwa gari likiwa limesimama ni mkubwa, unaoruhusiwa likitembea ni mdogo zaidi. Cha kufuata barabarani ni huo wa pili.

Sasa kingo za sanduku, ambapo kazi nyingi huharibikia. Kama gari lina ile plastiki nyeusi ya kulinda sanduku, angalia kama imepanda ikafunika kingo. Ikiwa imefunika, ikate au uitoe. Plastiki hiyo ina matuta, inacheza gari likitembea, na maji yanayoingia chini yake hayaoni jua tena. Utakuta kutu siku utakayoifunua. Kanopi ikae juu ya chuma chenye rangi. Kama kuna matundu ya mstatili juu ya kingo, yazibe kwa vifuniko vya mpira kabla ya kuendelea.

Osha kingo kwa sabuni, zikauke, kisha zifute kwa alkoli ya famasi na kitambaa safi. Usitumie esansi (petroli) wala mazutu (dizeli), huacha mafuta ambayo gundi haishiki. Halafu bandika utepe wa mpira wa sponji wenye gundi upande mmoja, upana milimita 30, unene milimita 10. Kwa sanduku lako utahitaji mita 1.5 kila upande na kama mita 1.5 mbele, jumla mita 4.5, nunua 6 ili usije ukaunga vipande. Kwenye pembe usiuvute. Mpira uliovutwa hurudi nyuma baada ya wiki chache na kuacha nafasi hapo hapo penye kona. Ikilazimu kuunga, kata mshazari, na kiungo kikae upande wa nyuma wa gari, si mbele ambako mvua inapiga.

Kuna sponji ya aina mbili na kwa macho zinafanana. Moja ina vitundu vilivyofungika, nyingine inafyonza. Omba kipande cha urefu wa kidole, kizamishe ndani ya maji ukikiminya na kukiachia mara kadhaa, kitoe, kikaushe nje, kisha kiminye tena. Kikitoa maji, hicho ni cha godoro, mrudishie mwenye duka.

Klampu za kushika kanopi ziwe 6, tatu kila upande, za aluminiamu, na kipande cha mpira kati ya klampu na rangi. Zikaze kwa kuvuka: mbele kushoto, nyuma kulia, na hivyo hivyo, kidogo kidogo. Mpira ulale kama theluthi ya unene wake basi. Watu wenye nguvu ndio wanaoharibu hapa. Ukikaza mpaka mpira uwe karatasi, hauna tena uwezo wa kufuata chuma kinapocheza, na fibaglasi huanza kupasuka penye klampu. Baada ya kilomita 100 za kwanza zikague tena, kwa sababu mpira mpya hulala.

Mlango wa kushusha unataka mpira wa aina nyingine: ule wenye tumbo, wenye uwazi katikati kama bomba, unaobonyea mlango ukifungwa. Chini mita 1.4, pembeni nusu mita kila upande. Nunua mita 3. Kuujaribu ni rahisi. Paka chaki kwenye mpira, funga mlango, fungua: palipo na alama ya chaki kwenye chuma pameshika, pasipo na alama ndipo maji yatakapopita. Kwa mlango wa kioo tumia karatasi: ibane, kisha ivute. Ikitoka bila kukataa, rekebisha kitasa kwanza kabla ya kununua mpira mnene zaidi, maana mara nyingi ni kitasa kisichovuta vya kutosha.

Hapo ndipo vumbi jekundu linapoingia pia, na vumbi la kiangazi litakusumbua kuliko mvua. Gari likikimbia, hewa nyuma yake hupungua nguvu, basi sanduku linafyonza kila kilichoko nyuma, vumbi pamoja na moshi wa ekzosi. Kuongeza mpira peke yake hakutoshi. Fungua tundu la hewa la juu linaloelekea mbele, au weka moja lenye kichujio, ili hewa iingie kwa mbele na kusukuma kuelekea nje. Na usiendeshe kamwe mlango wa kioo ukiwa wazi na mtu amelala ndani.

Silikoni: fungua mrija unuse. Ikinuka siki, iache dukani, hula chuma na aluminiamu. Chukua isiyo na asidi, au gundi ya poliuretani, ambayo hukauka kwa unyevu wa hewa, hivyo mwezi wa saba itachelewa. Ipe siku mbili tatu. Na usipake silikoni ovyo kila unapoona tone. Pakishapakwa, hakuna gundi nyingine wala rangi itakayoshika hapo mpaka uikwangue yote. Chini ya bolti za keria weka utepe wa butili (mpira laini unaonata), tumia bolti zisizoshika kutu na rondela (washa) ya nailoni penye aluminiamu. Kila tundu utakalotoboa kwenye chuma lipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuingiza bolti. Waya wa taa ya breki upitishe kwenye mpira wake, na uache ulegee chini ya tundu ili maji yadondoke kabla ya kuingia.

Jaribu kwa bomba la maji la kawaida, si mashine ya kuoshea magari. Mwenzako aingie ndani na tochi na magazeti makavu yametandazwa. Anza chini, dakika 5 kila sehemu, ukipanda. Ukianza juu utalowesha kila kitu na hutajua maji yamepitia wapi.

Ukiamka asubuhi ukakuta paa limelowa kwa ndani na nje hakukunyesha, hapavuji. Ni pumzi zenu. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni wa baridi, mvuke unagonga paa na kugeuka maji. Acha madirisha mawili wazi sentimita 2, ya pande tofauti, yenye neti, na godoro likae juu ya vipande vya mbao. Lakini baridi isikushawishi kuingiza mbabula, lile jiko la makala (makaa). Makala hutoa hewa isiyonuka inayoua watu usingizini, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mbabula ibaki nje, na chukua blanketi mbili.

Kila baada ya miezi mitatu osha mipira kwa sabuni na uipake gliserini ya famasi. Mafuta ya injini na vazelini huivimbisha.

Nitumie vipimo kabla hujalipa: urefu wa ndani wa sanduku, upana juu ya kingo mbele na nyuma, na mshazari zote mbili, kutoka pembe hadi pembe. Mshazari zikitofautiana zaidi ya milimita 10, sanduku lenyewe limepinda, na fundi wa karoseri (bodi la gari) ndiye wa kwanza kumwona.

Mama yako